Tume Maalumu ya Mlio wa Baiskeli

Inatangazwa kwa walimu, wanafunzi, wapishi, walinzi na yule paka wa bwenini kwamba Tume Maalumu ya Kuchunguza Mlio wa Baiskeli ya Mwalimu Mkuu imekamilisha kazi yake kwa weledi, uadilifu na mafanikio makubwa. Mlio bado upo.

Mimi nilikuwa Katibu wa Tume. Niliteuliwa kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, na kwa sababu Makamu wa Mkuu alipofungua mlango kutafuta katibu, alinikuta nimesimama hapo. Ndivyo vyeo vinavyopatikana.

Kwanza historia. Mkuu wetu ana baiskeli ya mbio: nyekundu, tairi nyembamba kama mkanda, usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume. Kila alfajiri alikuwa akivaa zile nguo za kubana, ambazo Tume iliamua kwa kauli moja kutozijadili, kisha anatoka getini kwenda kupanda mlima wa mnara wa simu. Na kwa kuwa yeye, mtu mzima mwenye mvi, aliuweza mlima kabla ya kifungua kinywa, aliona si haki sisi vijana tuendelee kukoroma. Zikazaliwa Mbio za Alfajiri, kuzunguka uwanja hadi filimbi ilie. Baadaye mayai nayo yakaondolewa mezani kwetu kwa sababu za kiafya. Yai, tulielezwa paredini, humfanya mkimbiaji awe mzito. Tukabaki na uji ambao ukiuinamia unajiona uso.

Basi Jumatatu moja Mkuu akasimama mbele ya paredi, kofia ya baiskeli bado iko kichwani.

"Baiskeli yangu inalia," alisema. "Inalia kra-kra-kra. Baiskeli ya hadhi ile hailii yenyewe. Ikilia, kuna mkono wa mtu. Na mkono unaoishika, ukiacha wangu, ni mmoja tu."

Shule nzima ikageuka kumtazama Grisi.

Grisi hulala kitanda cha chini, mimi cha juu. Anaitwa hivyo kwa sababu kucha zake hazijawahi kutakata. Kila Jumamosi aliiosha baiskeli ya Mkuu na kuitia mafuta, kwa upole wa mtu anayeogesha kichanga. Sasa Tume ilipewa hadi Ijumaa. Chanzo cha mlio kisipopatikana, Grisi atabeba sanduku lake aende kwao, na mtihani wa mwisho ataufanyia ndotoni. Baba yake, fundi mwashi, alikwisha kuapa: kijana akirudishwa mara nyingine, anaingia kwenye kubeba matofali moja kwa moja.

"Katibu," aliniita jioni ile kutoka chini. "Mmefika wapi?"

"Uchunguzi unaendelea katika hatua mbalimbali."

"Ongea kama mtu, bwana."

"Usijali, ndugu yangu. Tume iko imara."

"Rahisi kwako. Sanduku linalofutwa vumbi si lako."

Nikageukia ukutani, nikatafakari masuala ya kitaifa.

Wajumbe walikuwa Makamu, ambaye ni mwenyekiti. Mwalimu wa Fizikia. Na Mama Matroni, anayekagua makabati yetu kila wiki na kujua idadi ya soksi zetu kuliko mama zetu wazazi. Fizikia alipendekeza tuanze kwa kuipindua baiskeli juu chini, kama afanyavyo fundi yeyote. Mkuu alikataa.

"Katika shule hii," alisema, "hakuna kitakachopinduliwa."

Nikaandika. Tume ikapiga makofi.

Ikabidi tuanze na mahojiano.

"Mkuu, inalia ukikanyaga pedali au ukiacha?" aliuliza Fizikia.

"Vyote viwili."

"Ukiwa umekaa au umesimama?"

"Mwalimu, mimi ni shahidi au mshtakiwa?"

"Samahani, Mkuu. Inalia ukiwa wapi hasa?"

Mkuu akaitazama dari kwa muda. "Mlimani," alisema.

Tukaenda mlimani. Makamu aliipanda mwenyewe kwa moyo wa kujitolea, akaupandisha mlima wote kwenye lami safi. Baiskeli ilikuwa kimya kama kaburi. Sauti pekee iliyosikika ilitoka kifuani mwa Makamu, nami niliisajili kama Mlio wa Pili, utakaoundiwa tume yake.

Tukakaza kila nati. Tukatia mafuta mnyororo. Tukabadilisha pedali, tukabadilisha tandiko, tukambadilisha hata mwendeshaji. Barazani, kimya. Getini, kimya. Mkuu mwenyewe akaizungusha mbele ya ofisi yake: kimya.

"Unajificha," alinong'ona Makamu. "Huu mlio una elimu."

Ijumaa asubuhi na mapema, mbio zikiwa zimeisha hivi punde, tulikusanyika ofisini kwa Mkuu. Makamu akasoma hitimisho aliloliandaa: mlio haupo, na aliyeusababisha ni Grisi.

"Ngoja kwanza," alisema Mama Matroni. "Kama haupo, mtoto wa watu anafukuzwa kwa lipi?"

"Kwa kuuficha, Mama."

Hoja ikapita.

Grisi alikuwa mlangoni, sanduku lake la bati miguuni. Hakulia. Alitoa kitambaa mfukoni akaanza kuifuta baiskeli, ambayo ilikuwa imeegemezwa pale ukutani, kama mtu anayemuaga mgonjwa. Alifuta fremu, akafuta breki, akafika kwenye usukani, na kwenye ncha ya usukani mkono wake ukaruka. Ncha moja aliifuta. Ya pili hakuigusa.

Matroni hajawahi kupitwa na kona isiyofutwa. Akainuka.

"Hebu nione. Upande huu kizibo cheusi. Na huu mweupe? Hiki ni nini?"

"Ni kizibo, Mama," alisema Makamu.

"Kizibo cha wapi? Hiki ni kifuniko cha dawa ya meno, baba. Na kwenye mabweni yangu dawa isiyo na kifuniko ni moja tu. Imezibwa kwa soksi."

Wajumbe wakamtazama Katibu. Najua, kwa sababu niliandika: "Wajumbe wakamtazama Katibu." Kisha kalamu ikaniishia nguvu. Grisi alikuwa anatazama viatu vyake. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa anajua. Alikiona kile kifuniko tangu Jumamosi ya kwanza, na alikuwa tayari kwenda kubeba matofali akiwa amefumba mdomo.

"Ni changu," nilisema. "Grisi hahusiki."

Nilikibandua kifuniko. Gololi ya kioo ikadondoka kutoka ndani ya usukani, ikabiringika taratibu hadi kwenye kiatu cha Mkuu.

"Kwa nini?" aliuliza Mkuu, kwa sauti ile ndogo ambayo ni mbaya kuliko kelele.

"Baiskeli yako ni kimya mno, Mwalimu Mkuu. Sisi tunaotegea mbio tulikuwa hatukusikii ukija. Tukaona paka afungwe kengele."

"Mimi ni paka?"

"Kwa maana ya kiutawala, Mwalimu Mkuu."

"Na hiyo kengele," alisema, huku akikunja mikono ya shati, "mlikuwa mnaisikilizia wapi?"

Mtu mwenye cheo asiulize swali kabla ya kujiuliza mwenyewe.

"Nyuma ya jiko, Mwalimu Mkuu. Tunajificha kando ya tangi la maji. Kila alfajiri unapita pale unatuwinda, nasi tukisikia tu tunatimka. Hukuwahi kukosa hata siku moja."

Uso wa Fizikia ukachanua kama wa bibi harusi. "Kokoto!" alipiga kelele. "Kwenye lami gololi inalala kwenye pindo la usukani. Kwenye kokoto inaruka! Na shule nzima hii kokoto ziko nyuma ya jiko tu!"

"Kesi imekwisha," alisema Mkuu haraka. "Kijana arudishe sanduku. Tume ivunjwe."

"Hapana, Mkuu!" Makamu alikwisha kuokota gololi. "Haki yako haiwezi kuishia hewani. Lazima tuthibitishe!"

"Nimesema haina haja."

"Unyenyekevu wako ndio unaotuponza, Mkuu."

Tukaenda. Makamu akarudisha gololi na kifuniko, akapanda baiskeli, akaingia kwenye kokoto kifua mbele. Kra-kra-kra! Kra-kra-kra!

Mlango wa jiko ukafunguka. Mpishi alitoka kinyumenyume, akiusukuma kwa makalio, mikononi sinia lililofunikwa kitambaa cheupe.

"Mzee, karibu!" alisema kabla hajageuka. "Wiki nzima nakaanga, natega sikio, kimya. Nikasema huyu anaumwa. Leo ni matatu, kama ulivyoagiza."

Akageuka. Akamwona Makamu juu ya baiskeli, akatuona sisi wengine, na mwisho akamwona Mkuu, aliyekuwa anasoma kwa makini maandishi ya kwenye tangi la maji.

"Mkuu," alisema Makamu taratibu. "Na mlima?"

"Mlima upo," alijibu Mkuu.

Mama Matroni alifunua kitambaa, akafunika tena. Hukumu ilikuwa katika jinsi alivyofunika.

Siku iliyofuata Mkuu alitangaza paredini kwamba utafiti mpya umebaini kuwa yai humpa mkimbiaji nguvu, hivyo mayai yanarudi mezani. Aidha, ataacha baiskeli kwa muda na kuongoza Mbio za Alfajiri yeye binafsi, kwa miguu. Mama Matroni alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kifuani. Grisi yumo darasani. Baiskeli amekabidhiwa Makamu, gololi ikiwa ndani, kwa amri ya Matroni, ili shule ijue uongozi uko wapi.

Mimi nimehukumiwa kusugua masufuria ya jikoni hadi muhula uishe.

Lilibaki jambo moja dogo, ambalo Tume haikulishughulikia. Asubuhi ile nyuma ya jiko, watu wote walipokuwa wanamtazama Mkuu, sinia lilirudi jikoni likiwa tupu.

"Katibu," aliniita Matroni, "sogea hapa. Fungua mdomo."

Nakiri. Mawili nilikula mimi. La tatu nilimpa Grisi.