Mlango wa Mama Fuatino

Idara ya Nyumba za Mashujaa Waliorudi inawatangazia kwa furaha kubwa wakazi wote wa visiwa hivi kwamba, tangu leo, kila askari mstaafu aliyetoa jasho, damu au vyote viwili kwa ajili ya taifa atapewa mkopo wa nyumba bila kutanguliza hata senti, bila mdhamini na bila usumbufu wa aina yoyote, mradi tu atimize masharti mia mbili na kumi na manne yaliyoambatanishwa.

Tangazo hilo lilibandikwa posta mjini Pago Pago, likakaa miaka sita hadi likabadilika rangi. Katika miaka hiyo sita Idara ilipitisha nyumba sifuri, na kila Desemba ilijipongeza kwa keki, kwa kuwa hakuna hata mkopo mmoja uliowahi kushindwa kulipwa.

Mwaka wa saba akatumwa Bwana Norbert Quimby kutoka Honolulu. Alikuwa Mkaguzi Mwandamizi wa Milango na Maingilio, mtu safi, asiye na kosa lolote kwenye faili lake kwa sababu hakuwahi kufanya jambo lolote. Safari hii ikienda bila doa angepandishwa cheo na kupewa kiti kinachozunguka. Alishakwenda dukani mara mbili kukikalia.

Faili aliloshika lilikuwa la Etuale Leota, sajini mstaafu, vita viwili, goti moja zima. Kimbunga kilikuwa kimempokonya mama yake, Mama Fuatino, nyumba yote hadi misumari. Sasa bibi huyo alilala kwa mdogo wake, wakigombana kila asubuhi juu ya nani aliyekoroma. Etuale alikuwa amemjengea nyumba mpya kwa ahadi ya mkopo. Fundi alisubiri, akasubiri, mwisho akasema: Ijumaa jua likizama bila saini ya Idara, naezua mabati yangu. Na ili aeleweke, aliondoka na bati moja siku ileile.

Ijumaa yenyewe ndiyo hiyo Bwana Quimby aliposhuka kwenye gari kijijini Malaeuta, saa kumi jioni.

Nyumba aliiona mara moja. Aliiona yote, kwa kuwa haikuwa na kuta. Ilikuwa sakafu ya saruji iliyoinuliwa, nguzo kumi na sita na paa, kama wazee wa pale walivyojenga tangu zamani. Mama Fuatino alikataa kuta katakata. Alitaka upepo, na alitaka kumwona kila anayepita ili amseme akiwa bado karibu.

Hatua nne mbele ya nyumba, katikati ya majani, ulisimama mlango peke yake.

Ulikuwa mlango kamili. Fremu yake ilichimbiwa kwenye zege, umepakwa rangi ya buluu, una kitasa cha shaba, kufuli la ndani, tundu la kuchungulia na namba moja. Kuku wawili walipita kushoto kwake. Mbwa alipita kulia.

Bwana Quimby alifungua kitabu. Sharti la themanini na nane: *Nyumba itakuwa na mlango wa mbele, uliosimama wima, wenye kitasa na kufuli.* Kuhusu kuta, kitabu kilinyamaza. Akaupima, akautikisa, akaweka alama ya vema. Hakuwa ameona mlango bora katika miaka kumi na tisa ya kazi.

"Sajini," akaita, "nifungulie nikague ndani."

Etuale alikuwa amekaa sakafuni akimenya taro, magimbi ya kwao. "Karibu, Afande. Pita tu."

"Mlango umefungwa."

"Ndiyo, umefungwa. Ufunguo anao mama, kaenda kucheza bingo. Tangu azaliwe hajawahi kuwa na ufunguo, sasa anaoga nao. Wewe zunguka hapo, pita kati ya nguzo."

Bwana Quimby alitabasamu kwa huruma, kama daktari. Akasoma kwa sauti sharti la themanini na tisa: *Mkaguzi ataingia kwa mlango wa mbele na si kwingineko. Akiingia kwingineko atahesabiwa mvamizi, na ukaguzi utakuwa batili.*

"Sawa, Afande," alisema Etuale. Alikuwa amekaa jeshini miaka ishirini na miwili na amri za namna hiyo hazikumshtua. Akaacha taro, akatoka, akaja kusimama kando ya mkaguzi, nao wakautazama mlango pamoja.

"Wewe umetokaje?" aliuliza Quimby.

"Nimetoka tu."

"Kitabu hakina neno juu ya kutoka," alikiri Quimby, na akaandika: *Mkazi anaweza kutoka. Haijulikani anaingiaje.*

Mvua ikaja bila salamu, kama kawaida ya huko. Etuale akarudi ndani, akasogeza sufuria chini ya tundu la lile bati lililochukuliwa, akarudi na mwavuli. Quimby akaukataa, kwa sababu sharti la mia na kumi lilikataza mkaguzi kupokea makazi ya muda kutoka kwa mwombaji. Akasimama mlangoni akichirizika, huku ameukumbatia mkoba kifuani.

Akabisha hodi. Utaratibu ulitaka abishe mara tatu.

"Nani?" aliuliza Etuale, aliyekuwa amerudi ndani, maana na yeye alipenda kazi ifanywe vizuri.

"Mkaguzi!"

"Mama hayupo!"

"Atarudi saa ngapi?"

"Akishinda, mapema. Akishindwa, mpaka ashinde."

"Sajini, saa moja na nusu naondoka kwenda uwanja wa ndege. Nisipoingia, nitaandika nyumba haikuweza kukaguliwa, na faili litafungwa."

Etuale akasimama, kisu mkononi. Kwa mara ya kwanza uso wake ulipoteza mzaha. "Afande, mama yangu ana miaka sabini na tisa. Jua likizama fundi anakuja na ngazi. Unaniona. Nakuona. Kati yetu hakuna kitu ila hewa. Hatua nne tu, kaka."

Bwana Quimby aliona uchungu wa kweli moyoni. Akaupima dhidi ya kile kiti. "Hewa," alisema, "haina sharti."

Ndipo mtungi ukalia. Ulikuwa mtungi mtupu wa gesi ulioning'inizwa kando ya kanisa, na mtu aliugonga kwa nyundo. Kijiji kizima kikatoweka. Kuku peke yao walibaki nje, na hata wao walionekana wana haraka.

Barabarani wakajitokeza walinzi wa kijiji, wanaume saba wenye vitenge vya kiunoni vya rangi moja. Aliyeongoza aliitwa Lafaele, mtu mpana kama kabati. Akamfikia Quimby taratibu.

"Mzee, hii ni saa ya sala. Mtungi wa kwanza umeshalia. Ukilia wa pili, kila mtu awe ndani. Wewe uko nje."

"Niko mlangoni."

"Mlangoni ni nje. Faini yake katoni tano za nyama ya kopo na nguruwe mmoja. Mkubwa, siyo hawa wadogo wa kupigia picha."

Bwana Quimby alifungua tena kitabu. Mtumishi wa serikali hakuruhusiwa kulipa faini bila kibali cha kamati, na fomu ya matumizi haikuwa na mstari wa nguruwe. Machifu wangemwandikia Mkurugenzi wa Idara. Aliona kile kiti kikizunguka, kikizunguka, kikienda zake.

Aliruka. Wanaosimulia wanasema miguu yote miwili iliacha ardhi. Akapita kulia mwa mlango, alikopita mbwa, akaingia kati ya nguzo mbili, akaketi na kukunja miguu mkekani kando ya sufuria.

"Niko ndani!" alitangaza.

Lafaele alikuna kidevu. "Ndani ya nini? Jioni nzima kijiji kimekusikia ukisema hapaingiliki bila ufunguo. Baraza la machifu litaniuliza: huyo mtu alikuwa ndani ya nyumba, au alikuwa nje, amekaa kwenye zege?"

"Ndani ya nyumba!"

"Maneno hayo baraza litayataka kwa maandishi."

"Mtungi wa pili umebakiza dakika mbili," alisema Etuale kwa upole.

Quimby akapekua mkoba. Kalamu ilikuwapo. Karatasi zote zilikuwa zimelowa, isipokuwa moja iliyokuwa kwenye nailoni, na karatasi duniani iliyosema alichotaka kusema ilikuwa hiyo tu. Ilikuwa fomu ya mwisho ya Idara, yenye muhuri tayari: *Mimi mkaguzi nimeingia ndani, nimejiridhisha kwamba hii ni nyumba, na napitisha mkopo wake.*

"Hii inatosha?" aliuliza.

Lafaele aliisoma polepole, midomo ikicheza. "Hii nzuri sana," alisema. "Weka na tarehe."

Akasaini. Mtungi ukalia. Walisali, wakaimba beti nne, na Bwana Quimby, aliyekuwa na sauti ya pili nzuri bila mtu kujua, akaimba kuliko wote. Fundi alifika na ngazi, akaonyeshwa karatasi, akapanda kurudisha bati lake.

Mama Fuatino alirudi baada ya mtungi wa mwisho, ameshinda pasi ya umeme. Akasimama mbele ya mlango wake, akavuta ufunguo kutoka kifuani, akafungua, akaingia, akafunga nyuma yake, akajaribu kitasa kama kweli kimeshika. Akatembea hatua nne hadi sakafuni. Hapo akamwona mzungu aliyelowa akila taro.

"Etuale!" alifoka. "Huyu kaingilia wapi?"

Habari zilipofika Honolulu, Idara haikukata keki. Baada ya wiki tatu alikuja Mkurugenzi mwenyewe, Bi Dagmar Hollis, kufuta ile saini kwa mkono wake. Alifika Malaeuta saa kumi na mbili kasoro, kwa viatu vya kisigino, kitabu cha masharti kwapani.

Kijiji kilikuwa kimebadilika kidogo. Mbele ya nyumba nyingine kumi na moja za askari wastaafu, katikati ya majani, ulisimama mlango peke yake, mmoja mwekundu, mmoja wa kijani, mwingine bado una bei.

Mama Fuatino alimwona tangu njia panda. Akainuka bila haraka, akaenda kufunga mlango, akautumbukiza ufunguo kifuani, akarudi kuketi kando ya mwanawe.

"Mtungi umebakiza dakika ngapi?"

"Ishirini, Mama."

"Wale wenzako kumi na mmoja, fomu zao za mwisho zote ziko kwenye nailoni?"

"Zote."

Mlangoni, Bi Hollis alikuwa anabisha hodi mara ya tatu.

"Basi mwongezee kalamu," alisema Mama Fuatino. "Huyu anaonekana mtu wa kuruka mbali."