Kwa Mujibu wa Kamera ya Pili

Wananchi wa Ufipa mlitangaziwa kwamba kuanzia fainali ile, hakuna jambo litakalohesabiwa kuwa limetokea uwanjani Sumbawanga mpaka Kamati ya Marudio iridhie. Katibu wake ni mimi. Soko huria lilikuwa limetuletea soda za kopo, vyama vingi na televisheni binafsi, tukaona si busara kuyaacha macho ya watu yajitafutie.

Wale wa televisheni walikuja na kamera nne. Fundi wao, Redempta, alikaa ndani ya gari nyuma ya jukwaa, mbele ya mtambo unaorekodi kamera zote kwa mpigo. Akizungusha gurudumu dogo, tukio linarudi polepole kutoka upande anaoutaka, nalo linaonekana kwenye televisheni kubwa kando ya uwanja. Mimi nilikaa nyuma yake, kumsimamia.

Timu ya ofisi yetu ilicheza na timu ya kijiji cha Kate, zawadi mashine ya kusaga. Akina mama wa Kate walikuwa wakijitwisha mahindi kutwa nzima kufuata mashine ya mbali, na Fransiska, kiongozi wao wa vigelegele, alikuja na debe lake kabisa. Mwenyekiti wetu, Mzee Kasimiri, alishajenga kibanda cha mashine hiyo nyuma ya nyumba yake, kwa niaba ya umma.

Kwa desturi, mgeni rasmi hupiga penalti ya ufunguzi, isiyohesabiwa kwenye matokeo, na kipa hujitupa upande mwingine. Kipa alijitupa kwa adabu zote. Mzee Kasimiri akapiga, mpira ukapita kando ya mlingoti na kutikisa nyavu kwa nje.

"Nirudie, bosi?" Redempta akauliza.

"Kamera ipi inaonyesha umeingia?"

"Mbona umetoka?"

"Sijauliza habari za mpira. Nimeuliza kamera."

Akazungusha. Ya kwanza, nje. Ya tatu, nje. Ya nne, aibu tupu. Lakini ya pili, kwa pale ilipokaa, ungeapa ni bao.

"Hiyo ina uzalendo," nikasema. "Rusha."

"Lakini bosi, tatu zinakataa."

"Dada, usiniletee vyama vingi humu ndani."

Picha ikaruka, jukwaa kuu likasimama kushangilia. Mzee Kasimiri akachukua kipaza sauti. "Refa, leo kamera ya pili ndiyo sheria!"

Mpaka dakika za mwisho ilikuwa bila kwa bila. Ndipo Gabriel, nahodha wa Kate, alipopiga shuti kwenye lango lile lile. Likatikisa nyavu kwa nje. Fransiska akajifunika uso kwa khanga. Refa akaitazama televisheni, na Redempta alikuwa ameshairusha ya pili.

Refa akaweka mpira kati. Bao.

Mzee Kasimiri alifika garini akihema. "Ule umetoka! Zipo kamera nne, zote zisikilizwe!"

Nilimweleza kwa unyenyekevu kwamba tukizifungua zile tatu kwa Gabriel, umma utadai tuzifungue na kwa penalti yake.

Nilimwonea huruma, kusema kweli, na kile kibanda nikakionea zaidi.

Kisha akaenda kukabidhi mashine huku akitabasamu. Fransiska akapokea kwa mikono miwili, lakini mzee hakuachia upande wake. Wakavutana kidogo. Redempta hakuniuliza chochote: aliurudia ule mvutano polepole, kwa kamera zote nne.