Mahudhurio Asilimia Mia

Jumatatu, 6 Oktoba
Wilaya imetuletea kishikwambi. Kila mzazi aliyejifungua aingizwe humo: presha yake, uzito wa mtoto, chanjo. Kazi nimepewa mimi, Himid, karani wa takwimu na mtu pekee wa kituo hiki mwenye akili ya mitambo. Muuguzi Riyama kakitazama kama samaki aliyevunda, kisha karudi kwenye daftari lake. Mshamba! Kituo kikiongoza kwa mahudhurio, karani wake anahamishiwa ofisi ya Malindi. Yenye kiyoyozi!

Jumanne, 7 Oktoba
Orodha ina wazazi ishirini na wawili. Wamekuja wanne. Riyama kapanda baiskeli kuwafuata wengine majumbani, na jua lote lile. Mimi nikabaki kivulini nikawaingiza wote. Wamehudhuria kituoni. Presha 120 kwa 80, kila mmoja. Watoto kilo tatu na nusu, sikumpunja mtu. Adhuhuri haijaadhiniwa, nimemaliza.

Jumatano, 8 Oktoba
Wilaya wamepiga simu kutupongeza. Asilimia mia! Riyama kaniuliza hali ya Rahila, mke wa Simai, ambaye jana hakuwahi kumfikia. Nikamwonyesha kishikwambi: alikuja, mzima. Akauliza kama nilimwona kwa macho yangu. Nikamjibu mitambo haina mchezo. Akamweka mwisho wa mzunguko wake. Hatimaye anajifunza.

Alhamisi, 9 Oktoba
Balaa. Kaja Bi. Mwanamkasi, mama yake Rahila, kuuliza muuguzi atafika lini, binti kavimba miguu na kichwa kinampasuka. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza kwamba Rahila tulimpima juzi, hapa hapa. Hata marahaba sikuipata.

"Mwanangu yumo arubaini, siku ya tisa leo," alisema. "Hajatoka hata ukumbini. Sasa huyo ulompima wewe ni nani?"

Pwani yote hii inajua mzazi hatoki nje mpaka zitimie siku arubaini. Hata mimi najua! Kati ya ishirini na wawili niliowaingiza, kumi na saba wamo ndani. Riyama hakungoja maelezo yangu, alishika kipimo cha presha akaondoka. Rahila: 170 kwa 110. Gari la wagonjwa limempeleka mjini.

Ijumaa, 10 Oktoba
Rahila kalazwa mjini, hatoki kabla ya wiki ijayo. Kanusurika, alhamdulillahi, lakini madaktari wamesema angechelewa kidogo tungekuwa tunasema mengine. Riyama kasema angemfikia tangu Jumatano kama si mimi. Maneno ya wivu.

Jumamosi, 11 Oktoba
Mkaguzi wa wilaya anakuja Jumatatu. Nimekaa nikatafuta kosa langu kwa unyofu kabisa, nikalipata: niliwaleta kituoni. Mzazi wa arubaini hatoki, anafuatwa. Basi nimewabadilisha wote ishirini na wawili: "Ametembelewa nyumbani." Na presha nimezichanganya kidogo, zipendeze. Rahila nimemkuta kwake leo asubuhi, kakaa kitandani ananyonyesha. 118 kwa 76.