Mwandishi wa Kwanza, Jirani na Josho

Nimeumbuka leo mbele ya mkutano wa kijiji, na sina pa kuweka uso. Ngojeni niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu.

Mnajua nafundisha baiolojia huku Machochwe, kijiji kinachopakana na hifadhi (mtu wa Njombe, nilijua nitakaa mwaka mmoja, huu wa nne). Tembo wanatoka hifadhini wanakula mahindi ya watu. Kila tukilalamika wilayani tunaambiwa hayo ni maneno ya mdomoni, leteni utafiti. Utafiti! Nikasema sawa, mtaupata. Kwa miaka miwili Mzee Chacha, ambaye shamba lake ndilo la kwanza ukitoka porini, ameandika kwenye daftari kila tembo aliyepita: siku, saa, na alichokula. Mimi nikayageuza madaftari yake kuwa andiko la kisayansi, kwa Kiingereza. Nikaahidi kijiji kwamba likitoka kwenye jarida la kimataifa, wilaya haitakuwa na la kusema.

Balaa lilianzia kwenye majina. Nilitaka kuweka mawili tu, la mzee na langu. Weee! Mwenyekiti wa kijiji akauliza, na waliomsindikiza mzee shambani je? Na aliyetupikia chai? Huku ng'ombe akichinjwa kila mtu ana fungu lake, na mkubwa ndiye anayetangulia. Tukafika waandishi kumi na wanne, tumepangwa kwa umri. Mzee Chacha wa kwanza. Mimi niliyeandika, wa kumi na nne. Jarida likadai barua pepe ya kila mwandishi, nikawafungulia wote wasiokuwa nayo. (Mwerevu kweli mimi.)

Jana saa kumi jioni nikatuma. Leo saa tatu asubuhi niko ofisi ya walimu na chai yangu, jibu hilo hapo. Limekataliwa. Halijafika hata kwa wahakiki! Miaka miwili ya mzee wa watu, mhariri kaimaliza kabla sijamaliza kulala. Nililia kidogo, wenzangu wakiuliza nikasema ni vumbi.

Nikajipangia: nanyamaza, natafuta jarida lingine, hakuna atakayejua. Saa nane nikaenda mkutanoni, wa kwanza kukutana naye Mzee Chacha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Wanasemaje Wazungu wetu?"

Kabla sijajibu, mwenyekiti akanisimamisha niwaeleze wananchi.

"Andiko limefika salama," nikasema. "Wataalamu wanalisoma kwa makini sana." (Mungu anisamehe.)

Makofi. Na hapohapo mtandao, uliokuwa umekata tangu saa nne asubuhi, ukarudi. Simu ya mtendaji wa kijiji ikalia. Mtendaji ni mwandishi wa nane, na anapenda Kiingereza kuliko chakula.

"Ndugu wananchi! Majibu haya hapa!"

Nilisahau kabisa kwamba jarida linamtumia kila mwandishi nakala. Na zile anwani niliziingiza mwenyewe, kwa mikono yangu hii!

"Mtendaji, naomba tuonane pembeni mara moja."

"Pembeni kwa nini, mwalimu? Hili ni la wananchi wote."

Akaanza kusoma na kutafsiri, sentensi moja moja. "Wanasema, asanteni sana kwa kutuletea kazi yenu." Makofi! Kina mama wakapiga vigelegele. "Tumeipokea kwa furaha." Vigelegele tena. "Kwa masikitiko..." Hapo sauti ikapungua. Akaangalia simu, akaniangalia mimi. Watu wakapiga kelele, soma! Akasoma. Kwamba jambo lenyewe ni la kijiji kimoja, haliwahusu wasomaji wao wa dunia nzima. Kwamba kwenye barua niliyoambatanisha na andiko nimelisifia jarida lingine kwa jina (nilikopi barua ya rafiki yangu wa chuo, haya semeni). Kwamba waandishi ni wengi mno, na wa kwanza hana taasisi, anwani yake imeandikwa "jirani na josho la ng'ombe".

"Huyo ni mimi!" Mzee Chacha akasimama, mkono juu, meno yote nje. "Wamenitaja!"

Jamani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mtendaji akamalizia kwa sauti ndogo: limekataliwa, leo, saa tatu asubuhi. Kijiji kizima kikanigeukia.

"Mwalimu," mwenyekiti akasema, "hao wanaosoma kwa makini wako wapi sasa?"

Nilikuwa naangalia viatu vyangu tu, nina hasira, sijui na mhariri au na mimi mwenyewe. Mzee Chacha alikuwa bado amesimama, ule mkono ukashuka polepole.

"Lakini madaftari yangu waliyasoma?"

"Hapana, mzee. Waliangalia juu juu, wakafunga."

Akakaa. Akasema, "Hata tembo, mwalimu, huwa anaonja kwanza."

Mkutano ukaangua kicheko. Na mimi nikacheka, machozi yananitoka, na safari hii hakuna aliyeniuliza kuhusu vumbi. Wakati natoka, mzee akanifuata na daftari lake mkononi.

"Juzi walipita saba. Niandike, au niache?"

Nimemwambia aandike. Na wewe unayesoma hapa, ukicheka tu nakuingiza kwenye andiko lijalo, wa kumi na tano, na barua pepe nakufungulia mwenyewe.