Bitiruti ya Kuongeza Damu ya Samaki

Jumatatu, 3 Februari
Ushindi! Mama Debra wa Spring Valley anataka tilapia wangu wote kwa karamu ya Jumamosi. Wangu, si wa Mwololo! Huyo jirani ana tangi nyuma ya ukuta wetu hapa Riruta, na maringo kushinda samaki. Nimemwimbia juu ya ukuta.

Jumanne, 4 Februari
Balaa. Samaki wamelegea, matamvua yao ya kupumulia yamepauka. Annah, daktari wa mifugo, alitazama tone la damu kwenye hadubini, akaniita nichungulie. Chembe nyekundu zimepasuka ovyo! Nyeupe zimejaa kama polisi wa kuzuia fujo. Akasema bakteria wanatoa sumu inayopasua zile nyekundu, ndiyo maana samaki wameishiwa damu. Akaendelea na habari za dawa, kubadilisha maji na kutouza hata mmoja. Mimi nilishabaki kwenye damu. Nani asiyejua dawa ya damu? Dada yangu Ciru alipojifungua, shangazi walimnywesha juisi ya bitiruti mpaka akang'aa.

Jumatano, 5 Februari
Nimesaga gunia zima kwa blenda ya Ciru na kumwaga tangini. Ciru akanikumbusha kwamba samaki hawajajifungua, wanaumwa. Wivu tu. Jioni matamvua mekundu! Nikacheza, nikateleza kwenye maganda, nikaendelea kucheza nikiwa chini.

Ijumaa, 7 Februari
Mama Debra alikuja kukagua. Akafunua matamvua, akaona wekundu, akasifu kwamba ni freshi kabisa. Mwololo alikuwa ukutani, amenuna. Raha! Kisha mama akapangusa kwa leso nyeupe. Leso ikawa nyekundu, matamvua yakawa meupe. Mwololo akataka kujua hiyo lipstick inakaa masaa mangapi. Oda imehamia kwake. Sasa ukuta unaniimbia mimi. Na samaki wanakufa. Nimelia, kisha nimempigia Annah.

Alhamisi, 20 Februari
Nusu wamepona! Annah amepima tena: chembe nyekundu nzima, kila moja na kiini chake. Anasema ni dawa yake na maji safi. Nimemshukuru kwa heshima. Lakini Ciru naye alichukua wiki mbili kung'aa. Bitiruti huchelewa tu!

Jioni Mwololo amekuja kwa unyonge. Kuku wake wamepauka vilemba vya kichwani, amenisihi nimpe namba ya Annah. Nimemwambia asisumbue daktari, nina gunia la pili. Ciru amesikia, ameficha blenda.

Haidhuru. Nina meno.