Parafujo za Mashine ya Kusaga Zibaki Chini ya Gari Langu

Nangara, Babati.
12 Septemba 1984.

Ndugu Mwenyekiti,
Kamati ya Mashine ya Kusaga,
Nangara.

Ndugu Mwenyekiti,

Heshima mbele, na poleni kwa kuadimika kwa sabuni. Naomba barua hii isomwe mkutanoni kwa sauti, taratibu, na kila nilipoweka nukta msomaji avute pumzi. Wajumbe wengi niliwafundisha mimi, nami najua wanavyosikiliza.

Nimepokea amri yenu kwamba hadi keshokutwa, Ijumaa, nirudishe parafujo mbili za kubania mawe ya mashine, ambazo Ndugu Damiani, mwendesha mashine, aliniazima tangu Pasaka. Mnajua ziliko. Ziko chini ya gari langu dogo jekundu la viti viwili, la mtindo wa mashindano, ambalo mlowezi mmoja wa mashamba ya ngano alimwachia marehemu baba yangu. Springi zake za mbele zilipokatika nilitafuta nyingine hadi Arusha, nikaonyeshwa rafu tupu. Ndipo Fundi Melkiadi, mhunzi wetu, alipokunja springi mpya kwa chuma cha trela bovu, akaziketisha juu ya parafujo hizo. Ukizizungusha kwa spana kuelekea kulia, gari linainuka, kushoto, linashuka.

Jumamosi binti yangu Fabiola anaolewa na kijana wa Dareda, nami nimewaahidi wakwe kwamba bibi harusi atafika kanisani ndani ya gari hilo. Bila parafujo, tumbo la gari linalala chini na safari haipo. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Mnadai unga una chenga kwa sababu Damiani sasa anabania mawe kwa kabari za mti. Sikatai. Mama Paskalina alinisimamisha mbele ya foleni akasema, "Shikamoo Mwalimu. Jana tumetafuna ugali wako hadi mbwa wakaja wakidhani tuna mifupa." Foleni nzima ilicheka. Nami nauliza: serikali imetaka kila mwenye nguvu afanye kazi. Kwa nini meno yasamehewe? Unga laini huzizoesha taya uzembe, na mtu aliyetafuna kwa bidii hurudi shambani akiwa amekwisha kupasha mwili moto.

2. Mnasema gari liwe na kimo kimoja kama magari mengine. Kimo kipi? Mawe ya njia ya Nangara yanataka liinuke. Mlango wa kanisa unataka lishuke, ili bibi harusi atoke bila kuonyesha magoti mbele ya Padri. Kamati iseme wazi kama iko upande wa mawe au wa magoti.

3. Mjumbe Eliakunda amesema mashine inahudumia kata nzima, gari linahudumia mtu mmoja. Hesabu hiyo ni ya darasa la tatu, na darasa la tatu nilimfundisha mimi. Ugali unapatikana nchi nzima. Gari linaloongezeka kimo lipo kwetu tu. Mgeni rasmi akitutembelea, mtampeleka akaone nini? Sufuria?

4. Tangu mbele ya gari iwe imara, nyuma imekuwa nyepesi na inarukaruka. Kwa hiyo, badala ya kurudisha nilicho nacho, naomba niongezewe mawe ya kusagia yawe uzito wa nyuma, pamoja na mkanda wa mashine nifungie mlango wa kushoto. Kamati itanufaika kuliko mimi. Mashine isiyo na parafujo, mawe wala mkanda haisagi, na mashine isiyosaga haitoi chenga. Malalamiko yote yatakwisha, na wajumbe watarudi kulima.

Mkinikatalia, nitalifikisha suala hili wilayani kwa gari hilohilo, likiwa limeinuliwa hadi mwisho wa parafujo.

Nawasalimu wote: Damiani na kabari zake, Mama Paskalina na mbwa wake, na Eliakunda, ambaye bado hajaniletea insha yake ya mwisho.

Wenu katika kuinuka na kushuka,

Mwl. Aniceti Leonsi,
Mwalimu Mkuu Mstaafu.

N.B. Nilikuwa naikunja barua hii, Mama Fabiola akanikumbusha kwamba mchele umekosekana, karamu itakuwa ya ugali, na mahindi yake yako kwenye foleni yenu. Kisha akanikumbusha kwamba babu yake bwana harusi, anayekuja kutoka Dareda kwa ajili ya siku hiyo moja, hana jino hata moja. Fabiola amesema yeye kanisani atakwenda kwa miguu, lakini mzee wa watu hatamlaza na njaa. Gari limelala uani, katika kimo ambacho parafujo hazikuwahi kulifikisha. Anayewakabidhi barua hii ni Fundi Melkiadi, nazo ziko mfukoni mwake. Tafadhali Damiani azikaze mpaka mwisho, asage laini.