Video ya Mtamba Mwekundu

Jumatatu, 3 Machi 2025
Leo chuoni hapa Tororo Madam Alungat ametangaza mtihani wetu wa mwisho wa diploma: kila mwanafunzi alete video ya muziki ya majaribio, Alhamisi ya wiki ijayo. Atakayeanguka arudie mwaka. Mimi nimesharudia mara moja. Baba amesema nikirudia tena nirudi nyumbani Lunyo nikalime mihogo. Mihogo! Mtu mwenye jicho kama langu!

Brian atapiga yake mpakani Busia: malori, na wacheza densi kumi na wawili. Ametoka Busia ya Kenya na ana kamera ya kweli, kwa hiyo anadhani ana kipaji. Nimemwambia kwa upole kwamba malori yamezoeleka. Mimi wazo langu limeshakuja. Video ya muziki isiyo na muziki! Dakika nne, ng'ombe anatafuna, bibi harusi analia. Watu wa kawaida hawataelewa. Uzuri wake uko hapo hapo.

Jumatano, 5 Machi
Jumatano ya Majivu. Padre amenipaka majivu kwenye paji la uso, akaniambia nitubu. Nimejipekua. Sikuona la kutubu.

Mchana nikapanga mambo. Bibi harusi atakuwa Akiror, binti wa Madam Alungat, anayesomea uuguzi. Si kwa ajili ya alama, la hasha. Ana uso wa huzuni. Sasa kama mama mtu atalainika akimwona binti yake kwenye skrini, mimi nitamzuiaje? Akiror amekubali kwa sharti apate picha nzuri za profaili. Akauliza kama mama yake anajua. Nikasema ni saprazi.

Kisha nikampigia Baba mdogo Patroba kule Lunyo, nikamwomba mtamba mmoja kwa ajili ya mtihani. Akauliza ni mtihani gani unaotaka ng'ombe. Nikasema ule wa juu kabisa. Akauliza anapelekwa kwa nani. Nikasema kwa Mzee Emoit, Mteso wa nje kidogo ya Tororo, mwenye binti aitwaye Akiror. Akacheka vizuri sana, akasema siku zote alikuwa anaingoja simu hii. Sikumwelewa, ila nilishukuru.

Ijumaa, 7 Machi
Mtamba amefika kwa pikapu. Mwekundu, pembe fupi, macho ya kuigiza. Tatizo ni simu yangu, kioo kimepasuka. Imebidi nimwombe Brian kamera, na Brian haachii kamera bila kuishika mwenyewe. Kwa hiyo anakuja. Alipomwona mtamba akasema, "Buda, hii si video. Hii ni ng'ombe." Nimeyaandika maneno yake hapa ili nimsomee siku ya kupokea tuzo.

Jumamosi, 8 Machi
Siku ya Wanawake. Madam yuko mjini kwenye gwaride. Bahati iliyoje!

Tulimkuta mumewe, Mzee Emoit, na wazee wanne wa ukoo wamezunguka chungu cha ajon, pombe yao ya ulezi, kila mmoja na mrija wake mrefu. Nikawaomba waigize wazee wa ukoo. Wakasema hilo halitawasumbua. Nikaeleza: nitaingia na mtamba, nitamkabidhi Mzee Emoit kamba, basi. Akauliza mtamba ni wa nani. Nikasema wa ukoo wetu. Akauliza kama ukoo una habari. Nikasema Baba mdogo mwenyewe ndiye aliyemtoa. Wazee wakatazamana.

Wameigiza kupita kiasi. Walimkagua mtamba meno, masikio, hadi chuchu. Mzee Emoit akaipokea kamba. Benedeta, shangazi yake Akiror, akatoka jikoni na vigelegele ambavyo havikuwa kwenye mpango. Akiror alikuwa anacheka hadi machozi, nikamwambia abaki na machozi, kicheko akimeze. Nikapewa mrija, nikanywa. Kisha nikasema kata! Hakuna aliyekata.

Jioni nikaomba mtamba wangu. Mzee Emoit akanishika bega kwa upendo. "Ng'ombe ikishaingia kwa boma, imeingia. Wewe sasa ni mtoto yetu." Nikamweleza tena kwamba haya yalikuwa majaribio tu. Akasema hata yeye alipooa alikuwa anajaribu tu.

Jumatatu, 10 Machi
Sasa nauona ukubwa wa jambo. Nimekutana na Madam Alungat kwenye korido. Aliponiona alijifunika uso kwa rejista, akageuka, akaingia mlango wa kwanza uliokuwa wazi. Stoo ya mafagio. Hakutoka hadi nilipoondoka.

Mama mkwe na mkwe hawatazamani, hawapishani njiani, hawakai chumba kimoja. Kwa Wateso ni hivyo, na kwetu Wasamia ni hivyo hivyo. Nimelijua hili tangu utotoni! Mbona halikunijia kichwani nilipokuwa napanga? Nilikuwa nawaza mwanga.

Saa sita karani akaniletea ujumbe: Madam hawezi kusahihisha kazi ya mkwe wake, na hapa chuoni hakuna mwalimu mwingine. Hawezi hata kuisikia sauti yangu. Nikasema video haina sauti. Karani akasema ina uso. Nimeogopa, naandika hapa bila aibu. Chakula kimenishinda. Kilikuwa mihogo.

Jumatano, 12 Machi
Nilimwita Baba mdogo Patroba aje amdai mtamba wake. Amekuja. Kwa suti, na wazee wawili, na ng'ombe wa pili! Amesema kupeleka mmoja tu kulimtia aibu. Nikamvuta pembeni nikamweleza kila kitu. Akasema kila bwana harusi huingiwa na hofu.

Aliyeniokoa ni Akiror. Alisimama mbele ya wazee wote akasema hajaposwa na mtu, aliombwa aigize, na kama wanaume wote wangekwisha nikabaki mimi, angeenda kuwa sista. Na picha zake za profaili bado hajazipata! Mzee Emoit akawaomba radhi wageni, akasema msichana akikataa mbele ya watu mambo yamekwisha, akarudisha kamba. Nilifurahi hadi nikamkumbatia Brian, ambaye sijui alifuata nini pale na kamera yake. Lile la usista limeniuma kidogo.

Alhamisi, 13 Machi
Mimi si mkwe wa mtu! Madam ameweza kunitazama. Alinitazama kwa muda mrefu. Halafu akamtazama mtamba akitafuna, dakika zote nne. Akasema wiki nzima ilimsikitisha kwamba mila inamzuia kunipa alama ninazostahili, na sasa hakuna kinachomzuia. Amenipa kumi na nane kwa mia.

Brian ameongoza darasa. Ameacha malori yake mpakani, akaleta video iitwayo "Mkwe": wazee wanakagua meno kwa mdundo, vigelegele vya shangazi, suti ya Baba mdogo, Akiror anasimama, mimi nimefungua mdomo. Darasa zima lilipiga makofi. Madam alifuta machozi. Jina langu limo mwishoni, chini ya la mtamba.

Ijumaa, 14 Machi
Kuna mtihani wa marudio mwezi wa nne! Mihogo isubiri. Madam amekataa katakata kusahihisha, kwa hiyo ataletwa Bwana Owor kutoka Nagongera. Nimeshapeleleza. Mtu mpole, mpenda kwaya, na ana binti aitwaye Nyafwono, anayeimba sauti ya kwanza. Uso wa huzuni kabisa.

Kosa la mwanzo nimeligundua. Ng'ombe ni mkubwa mno, anavuta wazee. Safari hii ni mbuzi. Nimempigia Baba mdogo Patroba. Ameuliza anapelekwa kwa nani, nikamwambia. Amecheka vizuri sana, akasema alikuwa anaingoja simu hii.